Shule kubwa ya mtaa, shule ndogo ya mkataba au GED: kijana aliyechelewa asome wapi?

Karatasi ilikuwa mezani, kati ya sufuria ya ugali na simu mbili zilizokuwa zikichajiwa. Mama alikuwa ameikunja mara nne mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Juu kulikuwa na jina la mwanawe na tarehe ya kuzaliwa, 1 Januari, ile ile waliyopewa wengi waliopitia kambini. Chini yake safu ya masomo, na pembeni namba ndogo ndogo. Nikachukua kalamu nikazijumlisha. Sita na nusu.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" akaniuliza.

Kijana ana miaka 17. Alisoma Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Kigoma, Tanzania, kwa Kifaransa, kwa mtaala wa Kongo, kisha akaja St. Paul, Minnesota, akaingizwa darasa la tisa akiwa mrefu kuliko nusu ya wenzake. Jimbo la Minnesota linadai krediti, yaani vipimo vya masomo ambayo mtu amefaulu, zisizopungua 21.5 ndipo mtu apewe cheti cha kumaliza sekondari. Anadaiwa kumi na tano. Mshauri wa shule alikuwa amemwambia mama kwamba kuna njia tatu: abaki pale pale, ahamie shule ndogo ya mkataba iliyo karibu na reli, au angoje kidogo afanye mtihani wa GED. Mama alikuwa ameitikia "yes" kwa zote tatu, kwa heshima.

Naandika kwa ajili ya wazazi walio kwenye meza kama ile, na wajomba, mashangazi na kaka wakubwa wanaosaini fomu kwa niaba yao. Nazungumzia Minnesota kwa sababu ndiko ninakofanya kazi ya ukalimani mashuleni. Majimbo mengine yana sheria zake, ila maswali ya kuuliza hayatofautiani sana.

Kwanza tuelewane majina

Shule kubwa ya mtaa ni ile ya wilaya, yenye wanafunzi elfu moja na mia kadhaa au hata elfu mbili, mabasi ya njano, uwanja wa mpira na kengele inayolia kila baada ya saa moja hivi.

Shule ya mkataba, ambayo vijana wetu huiita "charter" tu, ndiyo inayowachanganya wazazi wengi. Wapo wanaodhani ni shule ya kulipia. Wengine wanadhani ni mahali wanapopelekwa watoto watundu. Ni shule ya umma, haina ada, wala hairuhusiwi kumpa mtoto mtihani ili imkubali au imkatae. Maombi yakizidi nafasi, hupigwa bahati nasibu. Tofauti yake ni kwamba haiendeshwi na wilaya. Ina bodi yake na mkataba na chombo kinachoisimamia, na mkataba huo unaweza kuvunjwa shule isipotimiza iliyoahidi. Fedha za jimbo humfuata mwanafunzi anakokwenda.

Minnesota ndilo jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya shule hizi, mwaka 1991. Ya kwanza kufunguliwa ilikuwa City Academy, hapa hapa St. Paul, mwaka 1992, katika jengo la michezo la manispaa upande wa mashariki wa mji, na ilifunguliwa kwa ajili ya vijana walioacha shule. Hilo napenda wazazi walijue. Leo shule za mkataba ziko maelfu nchi nzima, nyingine zikijivunia kupeleka watoto vyuo vikubwa, lakini iliyotangulia zote iliwafungulia mlango waliokwisha kukata tamaa. Baadaye ikaja nyingine mjini humu, High School for Recording Arts, iliyoanzishwa na mwanamuziki wa rap David Ellis. Humo mna studio ya kurekodi, na kijana aliyevutwa na maikrofoni hujikuta anaandika insha na kupiga hesabu za biashara ya muziki.

Wilaya nazo zina shule zao ndogo mbadala za namna hii, ziitwazo ALC (Area Learning Center). Mengi nitakayosema kuhusu shule ndogo ya mkataba yanazihusu na hizo. Tofauti kubwa ni kwamba ALC ikifungwa, wilaya bado ipo.

GED ni mtihani wa sehemu nne: hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Kila sehemu inataka alama 145 au zaidi. Mtu hujiandaa katika madarasa ya watu wazima, ambayo ni ya bure. Akifaulu hupata cheti kinachohesabiwa sawa na cha sekondari.

Nimezipima njia hizi kwa mambo matano: nani anamjua kijana, hesabu ya krediti na umri, Kiingereza, kufika na kula, na mwisho cheti pamoja na uhai wa shule yenyewe. Sikuyapanga kwa usawa. La kwanza na la pili ndiyo yenye uzito.

Nani atajua asipokuja?

Katika shule kubwa, kijana asipoingia darasani, mashine hupiga simu nyumbani. Nimekaa sebuleni kwa watu simu hiyo ikilia saa kumi na mbili jioni. Sauti inasema haraka haraka kwa Kiingereza kwamba mwanao hakuhudhuria kipindi cha tatu, mama anasikia jina la mtoto, anaangalia simu, anaikata akidhani ni matangazo. Mwezi unapita. Haimaanishi walimu hawajali. Mwalimu mmoja anafundisha vijana zaidi ya mia kwa siku, na asiyekuwepo hana kelele. Hata hivyo shule kubwa ina kitu ambacho shule ndogo mara nyingi haina, nacho ni wenzake: Wakongo wengine, Warundi, Wakenya, watoto wanaocheka kwa lugha yake wakati wa chakula. Kuna vijana ambao jambo hilo pekee ndilo linalowarudisha kesho yake.

Shule ndogo ya mkataba ina wanafunzi mia moja, mia moja hamsini, pengine mia mbili. Nyingi hupanga kila mwalimu awe mlezi wa kikundi cha vijana wachache, anaokutana nao kila asubuhi na kukaa nao mwaka mzima au zaidi. Asubuhi moja nilikuwa kwenye shule ya namna hiyo nikisubiri kikao. Mwalimu alisimama mlangoni na karatasi ya majina, akaweka tiki, akaweka tiki, akafika kwenye jina moja akatoa simu yake mwenyewe mfukoni. "Umeamka?" akauliza. Kijana alikuwa ametoka kazini ghalani saa nane usiku. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia njoo saa nne, nitakuwekea uji wa shayiri. Saa nne na dakika kumi yule kijana aliingia, macho mekundu, akala amesimama.

Hilo ndilo jambo ninaloliamini kuhusu shule hizi zinapokuwa nzuri, na ni sababu kubwa kuliko studio na kompyuta. Lakini udogo huo huo una gharama. Shule yenye walimu wanane wakiondoka wawili katikati ya mwaka, robo ya shule imeondoka. Akigombana na mwenzake, watakutana kila siku, hakuna korido nyingine ya kupita. Na kama yeye ndiye Mswahili pekee pale, upweke unaweza kumrudisha nyumbani kitandani.

Kwenye madarasa ya GED hakuna wa kumtafuta. Anahesabiwa mtu mzima. Kwa anayejituma hiyo ni nafuu, kwa anayesukumwa ni hatari.

Krediti na umri

Chukueni karatasi ya shule, ile transkripti, mhesabu kabla ya kwenda kuona shule yoyote. Hesabu ni rahisi na hufumbua macho.

Shule kubwa yenye vipindi sita au saba kwa siku humpa kijana krediti sita au saba kwa mwaka, kama atafaulu kila somo. Kijana wetu anayedaiwa kumi na tano anahitaji miaka miwili na nusu bila kuanguka hata mara moja. Atamaliza akiwa anakaribia ishirini. Minnesota inaruhusu kusoma bure katika shule za umma mpaka mtu afikishe miaka 21, kwa hiyo muda upo, ila hauna nafasi ya makosa. Nao umri huhesabiwa kwa tarehe iliyo kwenye karatasi. Kama kijana alipewa 1 Januari ya mwaka usio wake, ni mwaka huo wa karatasi unaotawala.

Shule kubwa pia ina mtego mmoja: akianguka somo la muhula wa kwanza mara nyingi hulirudia mwakani au kiangazi, na wakati huo ratiba imejaa.

Shule ndogo mbadala nyingi hutoa krediti kwa vipande. Kijana akimaliza kazi ya robo ya somo anapewa robo yake, hata kama ni Novemba. Zipo zinazohesabu miradi, au saa za kazi yenye usimamizi. Aliyekuja na sita na nusu anaweza kwenda kwa kasi zaidi. Hapo nawaomba wazazi wawe wakali kidogo. Kuna mahali "kwenda kwa kasi" maana yake ni kijana kukaa mbele ya kompyuta peke yake akibonyeza majibu hadi rangi ya kijani itokee. Nimeona kijana akipata krediti ya historia kwa siku nne, na nilipomuuliza alisoma nini alicheka tu. Ombeni kuonyeshwa kazi halisi ya mwanafunzi: insha, mradi, daftari. Shule inayofundisha kweli haitaona taabu kuwaonyesha.

Mkitafuta jina la shule kwenye tovuti ya jimbo mtakutana na kiwango cha kuhitimu, na pengine mtashtuka. Shule mbadala nyingi zina kiwango cha chini sana. Sheria ya elimu ya nchi ya mwaka 2015 inazitaja kwa marekebisho shule za sekondari zinazohitimisha chini ya theluthi mbili ya wanafunzi, na shule mbadala hazikosi kwenye orodha hiyo. Kabla ya kuikataa shule, elewa namba inavyopatikana. Saa huanza kuhesabu mtoto anapoingia darasa la tisa, nayo husimama baada ya miaka minne. Kijana anayehamia shule ndogo akiwa na miaka 18 na krediti saba, akamaliza akiwa na 20, kwenye kipimo cha miaka minne ameshindwa, na ile shule ndogo iliyomfikisha mwisho ndiyo inayoandikiwa doa. Minnesota hutoa pia viwango vya miaka mitano, sita na saba. Angalieni hivyo. Namba ikipanda vizuri kutoka ya nne hadi ya saba, shule inavumilia watu mpaka wamalize. Isipopanda kabisa, iulizeni kwa nini.

GED haihesabu krediti hata moja, na ndiyo raha yake. Aliyeshika hisabati na anasoma Kiingereza vizuri anaweza kumaliza kwa miezi. Ila kwa kawaida Minnesota hutaka awe na miaka 19. Wa 17 na 18 huhitaji ruhusa maalumu. Na sheria inamtaka kijana awe shuleni mpaka 17, kwa hiyo asiambiwe "acha tu shule, utafanya GED", kisha miaka miwili ipite akiwa ghalani.

Kiingereza

Hapa shule kubwa mara nyingi iko mbele, nami nasema hivyo ingawa moyo wangu uko na zile ndogo. Ina walimu kadhaa wa Kiingereza kwa wageni, madarasa ya ngazi mbalimbali, na wakati mwingine msaidizi anayejua Kiswahili. Shule ndogo yaweza kuwa na mwalimu mmoja tu wa kazi hiyo, au anayekuja siku mbili kwa wiki. Kijana aliyefika nchini mwaka jana na bado anatafuta maneno atazama kwenye kazi za kujisomea.

Msaada wa lugha ni haki, na haki hiyo haimalizikii kwenye shule za wilaya. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, kwamba kumweka mtoto darasani asiloelewa lugha yake bila kumsaidia si kumpa elimu sawa. Mwaka 1982 ikaamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Shule ya mkataba inafungwa na sheria hizo hizo. Nanyi wazazi mna haki ya mkalimani kwenye kikao. Msimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri. Hakuna kijana atakayetafsiri sawasawa maneno "anachelewa kila siku".

GED hufanywa kwa Kiingereza au Kihispania. Kiswahili hakimo, Kifaransa hakimo. Wanaoanza lugha husoma kwanza madarasa ya Kiingereza ya watu wazima, ya asubuhi au jioni, nayo huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Kufika na kula

Shule ya wilaya hupanga basi au hutoa kadi ya usafiri wa mjini. Shule za mkataba hutofautiana sana: nyingine zina basi dogo, nyingine hutegemea mabasi ya mjini ya Metro Transit. Jaribuni safari yenyewe asubuhi ya Januari, au angalau iwazieni: mabasi mawili na kusubiri dakika ishirini kwenye baridi ya chini ya sifuri. Shule nzuri isiyofikika haimsaidii mtu.

Tangu sheria ya 2023, chai ya asubuhi na chakula cha mchana ni bure kwa wanafunzi wa Minnesota katika shule zilizo kwenye mpango wa chakula wa taifa. Bado mtaletewa fomu ya kipato. Ijazeni. Kuna fedha za shule zinazotegemea hesabu ya familia za kipato kidogo, na kwa shule ndogo hizo ni mshahara wa mtu. Madarasa ya watu wazima hayana chakula.

Mpira wa miguu nao si jambo dogo kwa watoto wetu. Shule kubwa ina timu, ndogo nyingi hazina. Ulizeni kama kijana ataweza kucheza na shule jirani.

Cheti, na uhai wa shule

Neno "diploma" huwapotosha waliosoma Tanzania na Kenya, ambako ni stashahada ya chuo. Hapa ni cheti cha sekondari. Diploma ya shule ya mkataba ina uzito ule ule wa diploma ya shule kubwa, kwa chuo na kwa mwajiri. Kijana wa darasa la 11 au 12 katika shule yoyote kati ya hizo mbili anaweza pia kusoma masomo ya chuo bure kupitia mpango wa PSEO, ulioanza 1985; mwenye GED hana nafasi hiyo. Vyuo vya jamii hupokea GED bila shida. Jeshi huwapa kipaumbele wenye diploma.

Shule ya wilaya haipotei hivi hivi. Ya mkataba inaweza kufungwa kwa uhaba wa wanafunzi au fedha, au kwa kunyang'anywa mkataba. Nilimsindikiza mama mmoja ambaye shule ya binti yake ilifungwa Juni, tukahangaika hadi Septemba kutafuta transkripti, na krediti moja na nusu hazikuonekana tena popote. Tangu siku hiyo huwaambia watu: mtoto akiwa shule ndogo, ombeni nakala ya transkripti kila muhula na muiweke kwenye faili pamoja na I-94, ile hati ya kuingia nchini.

Kwa hali yenu

Kijana yuko hapa chini ya miaka miwili, Kiingereza bado ni kichanga, ana 15 au 16: shule kubwa, kwenye madarasa ya wageni, huku mkimwambia mwalimu wa Kiingereza kwa simu au uso kwa uso kwamba mnataka kuarifiwa kwa Kiswahili.

Ana 17 au 18, anaelewa Kiingereza cha kutosha, krediti ziko chini ya nusu, na ameanza kuamka akisema kichwa kinauma kila Jumatatu: nendeni kuona shule ndogo mbili, ya mkataba moja na ALC moja, kabla hajafutwa kwenye orodha ya shule aliyopo.

Binti ana mtoto mchanga, au kijana anafanya kazi usiku kusaidia kodi: shule ndogo inayoanza saa nne au yenye masomo ya jioni humfaa zaidi. Ulizeni kuhusu malezi ya mtoto siku ile ile.

Ana mahitaji maalumu na mpango wa IEP, yaani mpango wa elimu ulioandikwa kwa ajili yake mwenyewe: shule yoyote ya umma lazima ifuate mpango huo, hata ya mkataba. Ombeni kumwona mwalimu wa elimu maalumu ana kwa ana, muulize yuko shuleni siku ngapi kwa wiki.

Amefika 19 au 20, krediti ni chache mno kwa muda uliobaki, lakini anasoma vizuri: GED, au diploma ya watu wazima katika vituo hivyo hivyo, akiwa na mtu mzima mmoja wa kumuuliza kila Ijumaa amefika wapi.

Ana krediti kumi na sita na anachukia tu mwalimu wa hisabati: abaki alipo.

Siku ya kwenda kuona shule, nendeni na kijana mwenyewe, katikati ya wiki, wakati masomo yanaendelea. Bebeni transkripti iliyojumlishwa kwa kalamu na vyeti vya kambini vilivyotafsiriwa. Ombeni mkalimani wiki moja kabla. Kisha muulizeni mwalimu wa kwanza mtakayekutana naye, si mkuu wa shule, ni nani hakuja leo, na alifanya nini alipogundua.